Nyumba Iliyokwenda Kitale

Gari la kwanza la Mwafrika kupanda kilima cha kwetu, Sirisia, lilikuwa langu. Nasema hili mapema kwa sababu wako wanaodai lilikuwa la mwenye duka mmoja wa Malakisi. Lake lilikuja mwaka uliofuata, tena siku ya kwanza lilivutwa na ng'ombe. Langu lilikuwa pikapu kuukuu ya kijani, na lilipanda lenyewe.

Sikurithi kitu. Baba alikufa kabla sijamjua, na mama alitulea kwa kukausha tumbaku. Nilifanya kazi jikoni kwa setla mmoja nje ya Kitale, nikajifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Niliingia shule nikiwa na ndevu. Waliokuwa darasa moja nami waliniita Baba, lakini mtihani ulipokuja Baba alikuwa wa kwanza. Nikawa mwalimu, nikafundisha miaka mingi, na vita vilipokwisha nikapelekwa Uingereza, nikarudi na stashahada ya ualimu. Iko ukutani ninapoandika haya. Wageni wakija huketi wakiitazama, nami sijawahi kumwambia mtu aketi upande mwingine.

Kwa hiyo msomaji aelewe kwamba mambo ninayoyasimulia hayakumpata mjinga.

Kwetu sisi Wabukusu, mume na mama wa mkewe hawaonani. Mwanamume akimwona mama mkwe anakuja njiani, huingia kichakani. Mama naye hujifunika kichwa na kugeukia upande wa pili mpaka hatua zipotee. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatajani majina. Hata kanisani, na sisi tulikuwa Wakristo wa siku nyingi, mama mkwe wangu aliketi nyuma ya nguzo ya mwisho upande wa wanawake, nami mbele upande wa wanaume, na ibada ikiisha wazee walihakikisha mmoja wetu ametoka kwanza. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama huyo kwa sauti na kwa kisigino, maana kisigino ndicho kilichochelewa kupotea nyuma ya ua.

Huko Uingereza nilimsimulia desturi hii mama mwenye nyumba niliyopanga. Alicheka hata akalazimika kuweka birika chini. Akasema mume wake angeishukuru serikali kwa sheria kama hiyo. Kisha akaniambia kwamba mama mkwe wake aliishi nao miaka tisa katika chumba cha juu, na miaka yote hiyo yeye hakuwahi kuingia bila kubisha mlango, hata asubuhi ile alipomkuta amekufa. Nilidhani amebadilisha mazungumzo. Nikaendelea kula mkate wangu.

Nilirudi nyumbani na suti mbili, sanduku la vitabu, blanketi zito la sufu, na uamuzi kwamba mambo ya kufichana vichakani yameisha. Sherehe ya kunikaribisha ilikuwa kubwa. Watu walitoka mpaka Kapsokwony. Katikati ya nyimbo nilimwona mama mkwe nyuma ya wanawake, kichwa chini, amekuja kwa sababu mtoto wa watu amerudi salama na angekosaje. Nikapasua katikati ya watu, nikamfikia, nikamnyooshea mkono mbele ya lokesheni nzima.

"Mama," nikasema, "dunia imebadilika."

Nyimbo zilikatika. Mama alirudi nyuma kwa mgongo, akagonga ghala, kitambaa kikamtoka kichwani, akakimbia na nywele zake nyeupe wazi. Alikuwa mama wa watoto wanane, mzee wa kanisa, na nilikuwa nimemkimbiza kama kuku.

Wazee waliniambia nipeleke blanketi. Ndiyo desturi: aliyemvunjia mkwe heshima humfunika. Nilikataa. Niliwauliza kama wanataka nilipe faini kwa kosa la kumsalimu mtu. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, hukumsalimu. Ulijionyesha." Nikamwona hajasoma.

Baada ya hapo mama hakukanyaga kwetu. Hakuja hata mtoto wetu wa nne alipozaliwa.

Mwaka wa pili wa pikapu, katika mvua za masika, shemeji yangu alikuja mbio asubuhi. Mama alikuwa akitapika tangu juzi, tumbo limejaa kama ngoma. Dresa wa zahanati alikuwa amemwona, akasema ni utumbo uliobanwa kwenye ngiri na dawa yake ni kisu, na kisu kiko Kitale, na ni leo.

Siku hiyo ilikuwa ya soko, na kwangu alikuwepo mgeni: mzee mmoja Mkikuyu, mfanyabiashara wa viazi na maharagwe kutoka Kitale. Tulifahamiana tangu siku za jikoni, yeye akiwa skwota katika shamba lile lile la setla. Wakati ule tulikuwa tukidharauliana vizuri sana. Sisi tuliita mahindi yake yaliyochanganywa na maharagwe chakula cha kuku. Yeye aliita ugali wetu udongo wa kukandika ukuta. Hata baada ya stashahada aliendelea kuniita Jikoni, na ni yeye peke yake niliyemruhusu.

"Twende, Jikoni," akasema. "Hiyo barabara ya Kitale leo utataka mtu wa kusukuma."

Tulimchukua mke wangu tukafika kwa wakwe. Nilisimama nje ya ua wa minyaa, mahali pa mkwe. Mke wangu akaingia ndani. Nilisikia kila neno, na mama alijua nasikia.

"Mama, gari liko."

"La nani?"

"Mama, unajua ni la nani."

"Basi lirudi." Alipumua kwa shida. "Mwambie huyo mtu nimeshukuru. Mwambie nitakufa hapa kwangu."

"Mama, ni saa chache tu njiani."

"Saa chache nimelala nyuma ya kisogo cha mkwe, natapika, nalia, nguo zimenipanda, na yeye ana kile kioo chake cha kuangalia nyuma? Aliniona kichwa wazi mbele ya watu. Hiyo ilitosha. Hakuna mtu mwingine wa kuendesha?"

Hakukuwa na mwingine. Yule mwenye duka wa Malakisi alikuwa safarini na gari lake, na kutoka Sirisia hadi Malakisi siku hiyo hakukuwa na gari jingine wala mtu aliyejua kulishika. Shemeji zangu walimsihi. Mchungaji aliitwa, akamwambia mbele ya Mungu hakuna mkwe. Mama akamjibu, "Mchungaji, wewe mama mkwe wako ulimzika ukiwa umesimama wapi?" Mchungaji akatoka nje, akasimama nami kwenye minyaa.

Nami nilihutubia. Sifichi. Nilisimama nyuma ya ua nikatoa hotuba juu ya uhai na ujinga, kwa Kibukusu safi, na nina sauti ya kufundishia. Nilipomaliza mama akasema, "Amemaliza? Fungeni mlango."

Ndipo yule mzee Mkikuyu akanivuta mkono.

"Jikoni, wewe unagombana na mama juu ya sheria yake. Umemuuliza sheria yenyewe inasema nini?"

"Naijua. Ni sheria yetu."

"Si ungemuuliza tu?"

Akavua kofia, akaenda mpaka karibu na mlango, akakaa chini kwenye gogo, ubavu wake ukiwa upande wa nyumba. Akasema kwa Kiswahili, na mke wangu akatafsiri.

"Mama, mimi ni mgeni. Kwetu pia mkwe ni mtu wa kuogopa, lakini si kama hapa. Nifundishe nisikosee. Huyu hawezi kukuona. Kukusikia anaweza?"

Sauti ya mama ikatoka ndani, "Kusikia anaweza."

"Na wewe ukiwa ndani ya nyumba yako, mlango umefungwa, yeye anaweza kupita huko nje?"

"Anaweza. Hupita."

"Anaweza kupita akitangulia mbele, na mgongo kwako?"

"Hiyo ni heshima hasa."

"Basi mama, tukikujengea nyumba juu ya hilo gari, ukuta pande zote, mlango nyuma, na huyu apite huko mbele asigeuke mpaka Kitale, tutakuwa tumekosa sheria?"

Ndani niliwasikia wanawake wakinong'ona. Nilikuwa nimesoma mantiki kwa Waingereza wenye joho, na sijawahi kungoja jibu kama nilivyolingoja lile.

"Nyumba ni nyumba," mama akasema. "Hata ikitembea. Lakini kile kioo kitoke."

Nilikifungua mwenyewe kwa spana. Shemeji zangu walikata fito, wakazipigilia pembeni mwa pikapu, wakafunga mikeka kwa kamba za mgomba, wakaezeka nyasi kiasi cha kuzuia mvua. Dirisha dogo lililokuwa nyuma ya kichwa changu walilikandika udongo kama ukuta wa kawaida. Kilikosekana kitu cha mlango. Mkeka mwingine haukuwepo, na gunia mama alilikataa. Mke wangu akanitazama. Nikatoa blanketi langu la sufu nililokuwa nakalia kwenye kiti cha dereva.

Nilisimama tena nyuma ya minyaa walipombeba. Nikamsikia akiuliza, "Blanketi hili ni la nani?"

"La huyo mtu," mke wangu akajibu.

Fito zilikwaruza, watu wakahema chini ya uzito wake.

"Lifungeni vizuri," mama akasema. "Upepo usiliinue."

Mpaka leo sijui kama alimaanisha upepo tu. Wazee walihesabu kwamba nimeshamfunika. Nami niliachia hesabu yao isimame.

Basi nikaendesha nyumba. Watu wa barabarani waliacha majembe. Mke wangu alikuwa ndani na mama yake, mzee Mkikuyu kando yangu akiimba tenzi za kanisa kwa lugha yake ili, alisema, mama ajue huku mbele kuna watu wenye adabu. Kila shimo nililoshindwa kulikwepa nilisikia mlio mfupi nyuma ya udongo, kisha kimya, maana alijua nimesikia. Nilikuwa najigamba kuwa dereva. Siku ile nilijifunza kuendesha kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Tulipoingia Trans-Nzoia, kwenye mteremko wa mto, pikapu iliteleza ikakaa mtaroni. Magurudumu yalizunguka bure. Karibu na hapo vibarua wa shamba la setla walikuwa wakipalilia mahindi, kama watu ishirini. Wakaja wakicheka. Na nani asingecheka? Nyumba ya nyasi imepanda gari, gari limeanguka.

Mturukana mmoja mrefu aliuliza, "Ndani iko maiti?"

Mke wangu akajibu kutoka nyuma ya blanketi. "Iko mama yangu. Ni mgonjwa. Huyo dereva ni bwana yangu."

Vicheko vilikufa kimoja baada ya kingine, kadiri maneno yalivyotafsiriwa kutoka mtu hadi mtu. Kulikuwa na Waturukana, Wateso, Wakikuyu, watu wa Mlima Elgon, na wengine sikuwajua. Hakuna aliyeniuliza maana yake. Walishuka mtaroni, wakaweka mabega, na mzee akaniambia nikanyage mafuta.

Nilitoa kichwa dirishani nione gurudumu la mbele, na macho yakateleza nyuma kidogo. Kuta za mikeka zilimficha mama, lakini watu niliwaona. Wale waliosukuma nyuma, karibu na blanketi, walikuwa wamegeuza nyuso. Wote. Mmoja ameegemeza shavu kwenye bati akitazama mahindi, mwingine amefumba macho kabisa huku tope likimrukia mdomoni, yule Mturukana amejigeuza mzima anasukuma kwa mgongo. Hakuna aliyewaamuru. Mama yule hakuwa mkwe wao. Walimgeuzia uso kwa niaba yangu, mimi niliyemwendea mbele ya lokesheni na mkono wangu.

Niliiona miji mikubwa. Nimesimama chini ya dari za makanisa ya mawe ambayo ukitazama juu shingo inauma. Sijawahi kuhisi mwili wangu mdogo kama nilivyohisi mtaroni pale.

Gari lilitoka. Wakati wakijifuta tope walizungumza, kila mtu na ya kwao.

"Mimi wangu," Mturukana akasema, "nikiona yeye kwa njia, mimi nakuwa swara."

"Sisi tunaongea," akasema Mteso. "Kula pamoja ndiyo hapana."

"Kwenu basi ni raha," mtu wa mlimani akamwambia. "Kwetu unaweza kumwona, lakini akiwa amesimama. Akilala hapana. Sasa yeye anajua. Nikitaka kumwomba kitu, ati analala."

Wakacheka. Na nyuma ya blanketi, naapa, nilisikia mtu mgonjwa akicheka pia, kisha akigugumia kwa maumivu.

Kitale tulifika saa nane mchana. Wanawake wa hospitali walimbeba na mlango wake wa blanketi, nami nikiwa nimetazama ukuta. Daktari alikuwa Mwingereza kijana, mgeni nchini, hana Kiswahili, na dresa wake alikuwa ametumwa mashambani. Aliposikia Kiingereza changu alifurahi. Akaniita niingie wodini nitafsiri, nikamweleza kwamba siwezi kumwona mgonjwa. Alinitazama suti, akatazama tope, akafungua dirisha la wodi.

"Simama hapo nje, basi," akasema. Hakuuliza zaidi. Nilimheshimu kwa hilo.

Alitaka kujua mambo matatu: uvimbe uko wapi hasa, choo kilipita lini mara ya mwisho, na kama tangu jana mgonjwa ametoa upepo. Hilo la tatu, alisema, lilikuwa muhimu kuliko yote, kwa kuamua kama akate sasa hivi au angoje.

Mimi hapa, mwenye stashahada, nilitakiwa nimuulize mama mkwe wangu kupitia dirishani kama amejamba.

Kumwambia mke wangu kwa Kibukusu mama akisikia kulikuwa sawa na kumwambia mama mwenyewe. Nikamnong'oneza mzee Mkikuyu kwa Kiswahili. Alisikiliza, uso haukutikisika. Akaenda mpaka mlango wa wodi, akasimama ubavu, akamwambia mke wangu, na maneno yangu niliyoyatoa makavu aliyavika nguo njiani: "Daktari anauliza kama mwili wa mama umepumua."

Mke wangu akauliza. Mama hakujibu.

Daktari akatazama saa. Niliweza kusikia pumzi yake mama, fupi fupi. Alikuwa amevumilia barabara yote, na sasa angefia kwenye swali.

Kisha sauti ikaja. "Huyo mtu yuko wapi?"

"Dirishani, mama."

"Mwambie aende mpaka asisikie. Aende mbali."

Nilikwenda. Nilivuka majani yote ya hospitali mpaka kwenye ua wa barabara, nikasimama na mgongo wangu kwao. Nadhani ndiyo kazi kubwa niliyowahi kufanya kwa ajili ya uhai wa mtu, nayo ilikuwa kuondoka. Mzee alilipokea jibu mlangoni, akalileta kwangu hatua mia mbili, mkono kifuani kama amebeba yai, akaniambia sikioni. Nikaligeuza Kiingereza, nikaliandika kwenye karatasi, naye akampelekea daktari. Aliisoma, akavua koti.

Walimpasua alasiri ile. Mzee alikuwa na nyumba mjini lakini hakwenda. Tulikaa kwenye ubao wa pikapu, chini ya nyasi za nyumba ya mama, na mvua ikanyesha juu yetu, wala haikuvuja. Nilimuuliza alijuaje cha kumwambia mama asubuhi.

"Sikujua," akasema. "Ndiyo maana niliuliza."

Baada ya muda akaongeza, "Wewe Jikoni, shida yako unajua."

Kesho yake mchana daktari alisema ataishi. Nilikwenda chini ya dirisha la wodi, mahali pangu, mgongo ukutani, nikaketi kwenye majani. Mke wangu alikuwa ndani anamlisha uji kwa kijiko. Nilisikia kijiko kikisimama.

"Mwanangu," mama akasema, dhaifu, lakini kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye kando ya kitanda, "huyo mtu amekula?"

Mke wangu hakulirudia swali wala hakulijibu. Alingoja. Nilielewa kwamba swali limetupwa nje ya dirisha na aliyelitupa anasikiliza.

Sikuwa nimekula tangu tulipoondoka nyumbani. Nilitazama mbele yangu, kwenye ua wa barabara, nikauambia ule ua:

"Nimekula."

Kijiko kikaanza tena kugonga bakuli.

"Anadanganya," mama akamwambia binti yake. "Mpelekee huu uliobaki."